Kimya cha Kugeuza Santuri

Kevo, fundi mitambo aliyerithi kiti changu pamoja na mto wake, ameniomba niwaandikie vijana wa studio mambo machache kuhusu maktaba ya santuri kabla sijayasahau. Nimemwambia mimi sisahau kitu, ila nimechoka kuulizwa kwenye simu, "Mama Mutheu, ile brashi hukaa wapi?" Brashi iko kwenye droo ya chini, imefungwa kwa kitambaa cheupe. Siku nikipita hapo niikute na rangi ya kucha, tutajuana.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Hadithi ya vyeo ingekuwa fupi mno, na ya mshahara ingenipandisha presha, na daktari amenikanya.

Siku ya kwanza nilitoka nyumbani, mtaa wa Jericho hapa Nairobi, nimevaa viatu vya dada yangu, vinanibana kwelikweli, nikiamini kwamba kazi ya redio ni kuongea. Nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo kusema "Hujambo msikilizaji" mpaka majirani wakawa wananiitikia kupitia ukutani. Nikapelekwa kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, nikakabidhiwa kwa Mzee Gathogo, mkuu wa maktaba, mtu wa mtaa wa Bahati. Tangu siku hiyo hadi nastaafu, sauti yangu haikusikika hewani hata mara moja.

Mzee Gathogo hakutaka kuona vyeti. Alisema, "Nionyeshe mikono."

Nikaitoa kama mtoto wa shule.

"Umepaka mafuta?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nenda ukanawe. Na kesho usipake. Utapaka Jumamosi jioni ukienda kwenu."

Nilinawa huku nimenuna. Sikujua kwamba alama moja ya kidole chenye mafuta ikikaa kwenye santuri, vumbi lote la Nairobi huja kuishi pale. Hizo santuri za zamani, nyinyi mliozaliwa na muziki ukiwa ndani ya simu, ni nzito, nyeusi, na ukiiangusha moja inavunjika kama sahani ya udongo. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu fulani wa India. Zinazunguka mbio, na upande mmoja unabeba dakika chache tu. Wimbo mrefu kidogo ulikatwa katikati: nusu upande huu, nusu upande wa pili. Ukitaka kuusikia wote, lazima mtu ainuke akageuze. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kusafisha nilifundishwa hivi: maji yaliyochujwa, brashi laini, kitambaa cha mahameli, basi. Spiriti marufuku. Kabla sijazoea hata njia ya chooni, alishuka fundi mmoja wa ghorofani, mjuaji, akasema sisi wa chini tunafanya kazi kizamani. Akachukua santuri ya bendi ya tarumbeta, akaipangusa kwa spiriti. Utomvu ukayeyuka. Ile santuri ikawa kama uji, na bendi nzima, wapiga tarumbeta, wapiga ngoma na kiongozi wao, ikabaki kwenye kitambaa. Mzee Gathogo hakugomba. Alikitundika kile kitambaa ukutani juu ya meza yangu, kikakaa hapo miaka yote. Kila mgeni aliyeuliza ni nini, alijibiwa, "Hiyo ni bendi."

Sasa nije kwenye piano, maana najua ndiyo mnayoingojea.

Wakoloni walipoondoka waliacha masanduku ya santuri za piano. Wapigaji wake ni watu waliokufa zamani za kale, waliokaa mbele ya tarumbeta kubwa ya kunasia sauti huko Ulaya, wakapiga. Mimi nilikuwa msichana wa kanisa. Piano niliijua kama kitu cha kusindikiza tenzi. Mzee Gathogo aliponiwekea ya kwanza, nilisikia kelele tu, tsssss, kama mafuta ya mandazi yakichemka.

Nikasema, "Mzee, hii imeharibika."

"Haijaharibika. Hiyo ni mvua. Sikiliza aliye nyuma ya mvua."

Nikatega sikio. Kweli, nyuma ya ile mvua alikuwepo mtu. Mkono wake wa kushoto ulitangulia kidogo, wa kulia ukafuata, kama mtu anayefungua mlango kwanza ndipo akuambie karibu. Mahali fulani kidole kiliteleza kikabonyeza pasipo pake. Hakusimama. Hakuomba radhi. Aliendelea kama mama anayesimulia jambo huku akichagua maharagwe. Jamani, huyu mtu alikuwa amekufa kabla mama yangu hajazaliwa, na alikuwa akinisemesha mimi, Mutheu wa Jericho, ndani ya chumba kisicho na dirisha!

Watu huniuliza kwa nini nihangaike na za kale wakati kuna za kisasa, safi, hazina mvua wala makosa. Jibu langu ni kwamba wale wa kale hawakuwa na kurudia. Hakukuwa na Kevo wa kuwakata na kuwaunga. Ukikaa, unapiga mwanzo hadi mwisho, na utakachofanya ndicho wajukuu zangu watakachosikia. Ujasiri huo unausikia. Wa kisasa wanapiga vizuri sana, siwakatai, lakini wengine unawasikia wanavyojua kwamba wakikosea watarekebishiwa.

Yule aliyekosea bila kujali ndiye aliyekuwa kipenzi changu. Jina lake lina konsonanti nyingi mno na watangazaji walilikwepa, wakamwita tu Mzee wa Jumapili, kwa sababu tulimweka kwenye kipindi cha Jumapili alasiri. Wakubwa walisema hakuna Mwafrika atakayesikiliza. Kumbe walikuwepo. Alikuwepo nesi mmoja wa Mathare. Walikuwepo walinzi, sijui kwa nini walinzi wanapenda piano kiasi kile. Na alikuwepo Karis, mchinjaji wa soko la Burma, aliyekuwa akinipigia simu na kisu mkononi.

"Mama, mzee amekosea tena! Pale pale!"

"Karis, ni santuri. Atakosea pale pale mpaka Yesu arudi."

"Ndiyo maana nampenda. Mimi nikikosea kukata nyama, mteja ananipigia kelele soko zima. Huyu anakosea na watu wananyamaza."

Kelele pekee ilitoka kwa mkuu wa vipindi, na haikuhusu makosa. Ilihusu kimya. Upande wa kwanza ukiisha ilibidi nigeuze, na Mzee Gathogo alikuwa na namna yake ya kugeuza, ambayo ndiyo nilirithi. Unainua mkono wa sindano. Unashika santuri kwa kingo, kwa viganja. Unaigeuza. Unapitisha mahameli mara moja, taratibu, duara lote, maana ule upande wa chini umekuwa ukilala kwenye mashine. Unashusha sindano. Muda huo wote mtangazaji haongei. Kipaza sauti kiko wazi na msikilizaji anasikia tu mahameli yakipita, shwaaa.

Mkuu wa vipindi alishuka siku moja amefura. "Gathogo! Hewani hakuna kimya! Watu watadhani redio imefungwa!"

"Watangoja," Mzee Gathogo akamjibu, hata hakuinuka. "Watu wa Eastlands wanangoja maji ya mfereji tangu Jumatatu. Watashindwa na hii?"

Mkuu akapanda ngazi akinung'unika. Kimya kikabaki. Mzee Gathogo alipostaafu akaenda zake Nyeri kufuga ng'ombe, aliniachia funguo, brashi, na kile kimya. Wakubwa walibadilika, kila mmoja akaja na kikao cha kukifuta, na kila mmoja nikamwambia ndiyo bwana, kisha Jumapili nikafanya vilevile. Hata kompyuta zilipokuja na Kevo akahamisha santuri zote humo, nilisimama kidete kwamba kipindi cha Jumapili kichezwe kwa santuri yenyewe. Kevo aliniita mkaidi. Hakukosea.

Sasa niwaambie kisa cha mwisho, maana hicho ndicho kilichonifanya nikubali kuandika.

Mwezi wa kustaafu kwangu, mlinzi wa lango alinipigia simu akasema kuna msichana analia na hataki kuondoka, anamtaka mtu wa piano ya Jumapili. Nikapanda. Nikakuta binti wa miaka ishirini na kitu, sketi ndefu ya kwaya, macho mekundu. Aliitwa Mwikali. Baba yake alikuwa mchonga vinyago kutoka kwetu Ukambani, Mwikali mwenyewe akiishi mtaa wa Kware, chumba kimoja ghorofa ya juu kabisa, akiuza viatu mchana na kuipigia piano kwaya ya kanisa la Makadara jioni.

"Ni wewe unawekaga ile piano?" akaniuliza, bila hata salamu.

"Ni mimi. Na mimi ni mama yako, salimia kwanza."

"Shikamoo, mama. Pole. Nimechanganyikiwa." Akajipangusa kwa kiganja. "Nataka uwaambie wale watu kwamba sikusahau."

Nikamkalisha kwenye benchi ya mlinzi, kisa kikatoka vipande vipande. Kuna chuo cha muziki hapa mjini kinachompa mwanafunzi mmoja wa piano ufadhili kamili. Kuna kikomo cha umri, na mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho. Akikosa, ni viatu maisha yake yote. Alikuwa amejifunza wimbo wa yule Mzee wangu wa Jumapili. Aliurekodi kwenye simu kutoka redioni, akaufuata kidole kwa kidole kwenye piano ya kanisa, miaka mitatu. Siku ya mtihani alipiga nusu ya kwanza, watahini wakawa wanatikisa vichwa kwa raha. Kisha akaondoa mikono kwenye piano, akaiweka mapajani, akakaa kimya. Watahini wakatazamana. Mmoja akamwambia, "Pole, binti, ukisahau si mwisho wa dunia." Akashtuka, akajaribu kuendelea, vidole vikagoma, akatolewa nje.

"Sikusahau, mama! Pale huwa ni kimya. Sikiliza!"

Akaniwekea simu sikioni. Mzee wangu akapiga, mvua ikanyesha, nusu ya kwanza ikaisha. Kisha kimya. Kisha shwaaa.

Ule haukuwa muziki. Ulikuwa mkono wangu.

"Lakini karatasi ya noti haina kimya hapo," nikamwambia polepole.

"Najua. Hata chumvi haiandikwi kwenye pakiti ya unga, na bado unatia. Na zile za mtandaoni hazina, nikajua wamekata."

"Mwikali, mwanangu, hakuna aliyekata. Hapo huwa nageuza santuri."

Hakuelewa. Nikamshusha chini, nikamwonyesha: upande wa kwanza, upande wa pili, mahameli. Nikageuza mbele ya macho yake. Alitazama mikono yangu mpaka sindano ikagusa na Mzee akaendelea. Nilitegemea atacheka. Akalia upya, na safari hii alilia kwa hasira.

"Kwa hiyo miaka mitatu nimekuwa nikipiga wewe ukipangusa vumbi?"

"Ndiyo."

"Na hapo ndipo nilipopapenda kuliko kote!"

Mimi nami, mtu mzima, nikalia. Kevo akafungua mlango, akatuona, akaufunga.

Kesho yake nikaenda naye chuoni. Mkuu wa watahini, Madam Nyokabi, alikuwa mama mkavu mwenye miwani ya kamba. Tulimwekea simu, nikamweleza. Kwanza alikunja uso. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akavua miwani. Akasema amesikiliza wanafunzi wengi waliofuata santuri, lakini hajapata kuona aliyefuata mpaka mtu wa kuigeuza.

Kisha akarudisha miwani. "Anapiga vizuri. Wachache wananipigia hivyo, mikono inavyoachana kwa makusudi kama watu wa zamani. Lakini siwezi kumpa nafasi kwa sababu amenichekesha. Arudi Ijumaa, apige wote bila kusimama. Akisimama tena, nitampa anayemfuata."

Ilikuwa Jumatatu. Mnadhani ni jambo jepesi? Hata mimi nilidhani. Mtu anaambiwa usisimame, asisimame. Jioni tulienda kanisani Makadara, ana funguo za piano. Akapiga. Akafika pale, mikono ikaruka ikaenda mapajani. Akarudia. Mikono ikaruka. Kevo akamtengenezea kwa kompyuta nusu mbili zikiwa zimeungwa, hakuna pengo, kazi safi sana. Mwikali akasikiliza, akavua vifaa vya masikioni.

"Hapa ni kama wamemkaba koo," akasema.

Kevo alinuna siku mbili.

Jumanne nilijaribu kuimba juu yake pale katikati ili asipate nafasi ya kusimama. Nina sauti mbaya, alisimama kucheka. Jumatano nikakaa karibu naye nimshike kiwiko. Hapo ndipo nilipogundua kwamba akikaribia pale, anatazama mkono wangu. Ananisubiri! Kama bado niko kwenye mashine, kana kwamba asiponingoja nitachelewa na wimbo utaniacha. Adabu zote alizofunzwa na mama yake zilikuwa zimekusanyika kwenye ule mstari mmoja.

Alhamisi nilimwambia kweli, kwa ukali kidogo, maana sijui kusema mambo mazito kwa upole.

"Mwikali, unamngoja nani?"

"Wewe, mama."

"Mimi nastaafu mwisho wa mwezi. Santuri zinaingia kabatini. Jumapili zijazo atakuwepo Kevo na kompyuta yake, na hakuna atakayegeuza kitu. Sasa utakaa hapo mikono mapajani mpaka lini?"

Akaniangalia. "Si ni kama kukufukuza."

"Basi nifukuze. Nimekupa ruhusa."

Hakupiga tena jioni ile. Alifunga piano, akanisindikiza mpaka barabarani. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimejuta, nikiona nimemvunja binti wa watu siku moja kabla ya mtihani.

Nafasi aliipata, niwaambie sasa hivi ili msiendelee kusoma mkiwa na presha. Yuko mwaka wa kwanza, mwalimu wake analalamika kwamba anapiga kama mtu wa karne iliyopita, na yeye anachukulia hiyo kuwa sifa. Lakini siku yenyewe hakuna aliyejua.

Ijumaa nilikataa kuingia ndani. Nilijua akiniona tu, kwisha. Nikakaa kwenye kiti cha ukumbini, nje ya mlango, mkoba mapajani, nikisali kwa Kikamba na kwa Kiswahili ili nisiache lugha yoyote. Akaanza. Mkono wa kushoto ukatangulia, wa kulia ukafuata. Hapakuwa na mvua. Kanisani nilikuwa nikitazama mikono tu; hapa, mara ya kwanza maishani mwangu, niliusikiliza wimbo ule bila mvua, na mpigaji akiwa hai, upande wa pili wa mlango wa mbao. Hata lile kosa la Mzee alilipiga, pale pale. Nikacheka kwa machozi.

Kisha nikasikia nusu ya kwanza ikielekea ukingoni. Nazijua noti zile za mwisho kuliko ninavyojua majina ya wajukuu zangu. Mwili wangu ukainuka wenyewe kutoka kwenye kiti. Mikono ikajitanua, viganja wazi, tayari kushika kingo.

Mwikali akapita. Hakunisubiri.

Nilibaki nimesimama pale ukumbini, mikono hewani, sina kitu cha kugeuza, nikiusikiliza wimbo ukienda mbele bila mimi, na sijawahi kuusikia ukiwa mzuri namna ile.